Mashine yangu ya kuponda kyubu imekubalika Mwanza. Nitaiuzaje Kigali na Bukavu?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mhandisi. Nina karakana Mwanza, tuko mafundi sita. Tulianza kwa kukarabati mashine za kupima nguvu ya zege kwa kuponda kyubu, yaani vipande vya zege vyenye pande zote sawa, baadaye tukatengeneza ya kwetu ya kilonyutoni 2,000. Tumeuza nne: mbili hapa Mwanza, moja Geita, moja Shinyanga, na hakuna iliyorudishwa. Sasa maabara moja ya Kigali imeomba bei, na mkandarasi wa Bukavu naye ameulizia. Ndugu yangu anayeagiza mizigo China ananiambia nishuke chini ya bei ya Wachina, la sivyo nisijisumbue. Rafiki mwingine anataka nikope benki nikaweke banda kwenye maonyesho Dubai. Viwanda vya vifaa vya kupimia hukuaje kwa kuuza nje, na mimi nianzie wapi?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Kuuza mashine nne na isirudi hata moja ni jambo la kujivunia. Ila kabla sijasema lolote, nikuulize: hizo nne, unajua leo zinasoma nini? Hazikurudi kwako, sawa. Je, wewe ulizirudia? Ukiwa na jibu la hilo, nusu ya swali lako umeshalijibu.

Nianze na la bei, maana ndilo linaloweza kukufilisi mapema. Kiwanda cha China kinachotoa mashine hizi kwa mamia kinanunua chuma kwa bei ambayo wewe hutaisikia hata ndotoni. Ukiingia naye kwenye mbio hizo, utapunguza faida mwezi wa kwanza, mwezi wa pili utapunguza unene wa sahani, wa tatu utaweka sili za bei rahisi kwenye pistoni. Mwaka hauishi utakuwa unauza kifaa kama chao, lakini bila jina lao wala bohari lao la vipuri. Mwache ndugu yako aagize mizigo yake. Mteja wako wa Kigali angetaka bei ya chini kuliko zote angeshaipata kwenye simu yake. Kuna kitu kimemfanya akutafute wewe wa ng'ambo ya ziwa.

Kaa kidogo upande wake. Fundi wa maabara ametoa kyubu kwenye tangi la maji, imetimiza siku 28, milimita 150 kila upande. Zege liliagizwa la nyutoni 25 kwa kila milimita mraba. Uso wa kyubu ni milimita mraba 22,500, kwa hiyo anategemea ibebe angalau kilonyutoni 562.5. Anaifuta maji, anaiweka katikati ya sahani, anaigeuza ule upande uliosawazishwa kwa mwiko ukae pembeni, anapandisha mzigo. Kiwango kinataka mwendo wa nyutoni 0.6 kwa kila milimita mraba kwa sekunde, ambao kwa kyubu hiyo ni kilonyutoni 13.5 kila sekunde. Sekunde arobaini hivi zinapita, unasikika ule mlio mkavu, na kioo kinasimama kwenye 540. Ukigawanya unapata nyutoni 24. Mkandarasi amesimama pembeni, mikono nyuma, na nguzo za ghorofa ya pili ameshazimwaga kwa zege hilohilo. Unadhani neno la kwanza litakalomtoka ni kuhusu saruji yake? Atasema mashine hii mbovu.

Hapo ndipo mashine yako inapouzwa mara ya pili, na wewe hupo. Mwenye maabara akifungua droo na kutoa cheti cha ugezi (calibration, yaani kulinganisha namba za mashine na kipimo kinachoaminika) cha mwaka huu kutoka maabara yenye ithibati, yaani iliyotambuliwa rasmi kwamba inaiweza kazi hiyo, ubishi umekwisha. Asipokuwa nacho, atakupigia simu wewe, na huku mhandisi mshauri ameshapeleka kyubu zilizobaki kwingine. Mashine ya daraja la 1 kwa kiwango cha ISO 7500-1 inaruhusiwa kukosea asilimia 1, juu au chini. Kwa mzigo ule ni kama kilonyutoni tano na nusu. Pengo la 540 na 562.5 ni asilimia 4. Kwa hiyo mashine iliyokosea asilimia 4 inaweza kuvunjisha nguzo nzima zisizo na kosa. Inaweza pia kupitisha nguzo mbovu, na hilo silitamki kwa sauti.

Bidhaa yako, basi, ni namba ambayo watu wanaogombana watakubali kuiamini. Chuma ni chombo cha kuibebea. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini viwanda vikubwa vya kazi hii vilikua jinsi vilivyokua.

Watazame Waswisi. Mwaka 1948 mhandisi Ernst Schmidt alitoa nyundo ya kupimia zege bila kulivunja. Unaikandamiza kwenye ukuta, springi inafyatua chuma kidogo, kinagonga na kurudi nyuma, nawe unasoma kimerudi kwa kiasi gani. Mwaka 1954 ikaanzishwa kampuni ya Proceq kule Zürich, na nyundo ikazunguka dunia. Saiti ya kwetu ukisema "leteni Schmidt" hakuna anayeuliza Schmidt ni nani. Uswisi ni nchi ndogo. Kiwanda cha kifaa kama kile kingetegemea wanunuzi wa nyumbani kingefunga milango mapema. Kilisaidiwa na mambo mawili. Nyundo inaingia kwenye begi, mtu anapanda nayo ndege. La pili ndilo ninalolipenda zaidi: inauzwa pamoja na fuawe lake, kipande kizito cha chuma kigumu. Unaigonga nyundo juu ya fuawe, na nyundo ya aina ya N inatakiwa isome 80, ikizidi au kupungua isipite 2. Mhandisi aliyeko Mbeya haandiki barua Zürich kuuliza kama nyundo yake bado nzima. Anaigonga asubuhi, anaona mwenyewe, anakwenda kazini. Kiwanda kilipeleka nyundo nje, kikapeleka na shahidi wake.

Mashine yako haiingii kwenye begi. Ina uzito unaokaribia tani moja. Lakini swali ni lilelile: shahidi wake yuko wapi, na atafikaje Kigali?

Mfano wa pili nauleta kwa sababu unagusa ufundi wako moja kwa moja. Mwaka 1946, Massachusetts, Harold Hindman na George Burr wa chuo cha MIT walianzisha Instron. Walikuwa wakihangaika na vitambaa vipya vya miavuli ya kurukia kutoka kwenye ndege, vya kuchukua nafasi ya hariri, na hawakupata mashine ya kuvivuta na kuona vizuri vinavyonyooka hadi kukatika. Wakajitengenezea. Siri yao ilikuwa kihisi cha nguvu kilichobandikwa vijiwaya vyembamba ambavyo ukinzani wake wa umeme hubadilika chuma kinapojikunja kidogo sana. Ufundi huo ulikuwa mchanga. Edward Simmons wa California na Arthur Ruge wa MIT walikuwa wameubuni kila mmoja kivyake mwaka 1938. Faida yake kwa mwenye kuuza nje ni kwamba kihisi unaweza kukichomoa, ukakipeleka maabara ya ugezi, ukarudi nacho na cheti. Mashine imebaki palepale, kipimo kimesafiri.

Sasa nikutazame wewe. Kwa mashine ya kilonyutoni 2,000 pengine umeweka pistoni ya kipenyo cha milimita 250 na pampu ya baa 400. Hesabu inakupa kama kilonyutoni 1,960, vizuri kabisa. Kama kioo chako kinasoma shinikizo la mafuta na kulizidisha kwa eneo la pistoni, huna dhambi. Mashine nyingi nzuri za zege husoma hivyo. Tatizo ni kwamba sehemu ya shinikizo hilo inaliwa na msuguano wa sili, na msuguano hubadilika. Sili ikiwa mpya inabana, ikizeeka inalegea, mafuta yakipoa asubuhi ya Kigali, ambako ni baridi kuliko Mwanza, yanakuwa mazito. Kwenye mizigo mikubwa hutaona kitu. Mteja akipima kyubu changa ya siku 3 ndipo kosa linachomoza. Kwa hiyo utakapofanya ugezi usiridhike na namba za juu. Anzia asilimia 20 ya uwezo wa mashine, na ukitaka kudai kwamba inapima sawasawa chini ya hapo, thibitisha chini ya hapo.

Kuna jambo jingine ambalo cheti cha mzigo hakikuonyeshi, na limewaaibisha wengi. Sahani ya juu inakaa kwenye kiti cha mviringo kama kifundo cha nyonga, ili ijilaze sawasawa juu ya kyubu kabla ya mzigo kupanda. Ikishajilaza inatakiwa itulie hapohapo, isicheze tena. Waingereza waligundua zamani kwamba mashine zenye vyeti safi zilikuwa zinavunja kyubu mapema, kwa sababu kiti kiliendelea kujizungusha mzigo ukipanda na kyubu ikapokea nguvu nyingi upande mmoja. Ndiyo maana leo kuna kiwango cha Ulaya cha mashine yenyewe, EN 12390-4. Kinauliza ugumu wa sahani, kinauliza unyoofu wake hadi sehemu za mia za milimita, na kinataka uweke nguzo ya chuma yenye vihisi pande zote nne kuona kama mzigo umegawanyika sawa. Ukitaka kujua hali yako kabla ya kulipa mtu, angalia vifusi. Kyubu iliyopondwa vizuri inabaki kama piramidi mbili zilizogusana vichwa, pande zote nne zimemeguka kwa kulingana. Ikipasuka upande mmoja tu, na kesho tena upande uleule, achana na kyubu, kakague kiti. Na usikipake grisi nzito kwa kudhani unakisaidia. Inayotakiwa ni mafuta mepesi ya kawaida, kidogo. Grisi ya shinikizo kubwa ndiyo inayokiacha kicheze.

Nije Bukavu, maana huko kuna mtego ambao sijakusikia ukiutaja. Wewe unazungumzia kyubu. Kongo na Burundi zimesomea uhandisi kwa Kifaransa, na huko zege limezoeleka kupimwa kwa silinda, ile ya kipenyo cha sentimita 16 na kimo cha 32. Rwanda utakuta vyote viwili, kulingana na mshauri alisoma wapi na fedha za mradi zimetoka kwa nani. Mradi unaofuata viwango vya Kimarekani nao utataka silinda, ya milimita 150 kwa 300. Sasa chukua tepu, nenda kapime nafasi kati ya sahani zako mbili. Kama uliijenga kwa kyubu ya 150 ukaongeza kidogo, silinda ya milimita 320 haiingii, na mashine uliyoibeba hadi Bukavu itakuwa pambo. Suluhisho ni fremu ndefu yenye vipande vya kujazia vya chuma kigumu: ukipima kyubu unaviweka, ukipima silinda unavitoa. Fremu ikirefuka inahitaji nguzo nene zaidi ili isinepe, kwa hiyo usirefushe kwa kuchomelea. Chora upya.

Na si suala la nafasi peke yake. Zege lilelile likipimwa kwa silinda hutoa namba ndogo kuliko likipimwa kwa kyubu. Ndiyo maana viwango vya Ulaya huandika C25/30: 25 ya silinda, 30 ya kyubu. Mteja wa Bukavu akiona programu yako inajua kyubu tu, itabidi agawanye kwa kalamu kila siku, na siku atakayokosea atakulaumu wewe. Weka chaguo la silinda, weka maelekezo ya Kifaransa. Kiswahili kitakusaidia sana kupata kazi Bukavu na kunywa chai na mafundi, lakini ripoti inayokwenda kwa mshauri, na karatasi zinazokwenda kwa OCC, ile ofisi ya Kongo inayokagua bidhaa zinazoingia, zinataka Kifaransa.

Sasa nikusimulie kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye timu iliyopeleka mashine ya kuponda nchi jirani. Tuliifanyia ugezi karakanani, ikapendeza, tukaifunga kwenye kreti na cheti ndani. Dereva aliona kreti ndefu inayumba, akailaza. Kilomita mamia, barabara nyingine za vumbi, mashine imelala ubavu. Mteja akaisimamisha, akaiwasha, akaanza kazi. Baada ya wiki tatu akapiga simu: majibu yake na ya maabara ya jirani hayaelewani, yeye yuko chini kila mara. Tulimbishia kwa simu wiki nzima, tukimwonyesha cheti chetu. Siku tulipofika tukakuta hewa kwenye mafuta na kiti cha mviringo kimekwama kwa kutu na mchanga. Saa nne za kazi, ikapona. Lakini mteja hakununua tena kwetu, na sikumlaumu. Cheti chetu kilikuwa cha kweli. Kilieleza mashine iliyokuwa karakanani, wakati yeye alikuwa na mashine iliyokuwa kwake.

Tangu hapo nina kanuni moja ninayowaambia wote wanaotaka kuuza vifaa hivi nje: usiuze pale ambapo fundi wako hawezi kufika na kipimo mkononi ndani ya siku mbili. Fungua ramani, chora duara lako kutoka Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kivuko hakikucheleweshi tena, unashika Geita hadi Rusumo na Kigali umefika. Kampala unapitia Mutukula. Kisumu kwa Sirari. Bujumbura kwa Kabanga. Bukavu unaipata kwa kuvuka Rwanda hadi Rusizi. Hilo ndilo soko lako la nje, na ni kubwa kuliko unavyodhani. Wakubwa wa Ujerumani, Italia na Uturuki wanauza duara hilohilo, mashine zao utazikuta kwenye maabara nyingi, na ni mashine nzuri sana. Ila mtu wao wa ugezi hupanda ndege na kulala hoteli, na gharama hiyo hulipwa na mteja. Wa kwako anapanda basi.

Basi nunua kihisi cha rejea, yaani kihisi cha nguvu cha kulinganishia namba za mashine zako, chenye uwezo wa kilonyutoni 2,000, na kioo chake. Ndilo deni pekee ninalokuruhusu kulikopea. Kipeleke maabara ya ugezi ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, au maabara nyingine yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara. Kwa Tanzania ithibati hizo mara nyingi hutolewa na SADCAS, chombo cha ithibati cha nchi za SADC chenye makao Gaborone, ambayo imo kwenye makubaliano ya kimataifa ya kutambuana, ndiyo maana cheti hicho kinaheshimiwa ng'ambo. Ukivuka nacho mpaka, iandikishe forodhani namba yake kabla ya kutoka, usije ukarudi ukatakiwa kukilipia ushuru kama mzigo mpya. Kwa kazi ya kurekebisha mashine zako hicho kinatosha. Kwa cheti cha mwisho cha mteja, mwache mtu mwingine asaini. Huwezi kuwa mchezaji na refa. Kigali wanayo RSB, shirika lao la viwango. Weka gharama ya ugezi wa hukohuko ndani ya bei yako tangu mwanzo, na uandike wazi kwenye nukuu kwamba malipo ya mwisho yanafuata cheti hicho. Mshindani wako wa bei ya chini hataandika sentensi hiyo.

Halafu kuna pesa inayorudi kila mwaka. Mashine za aina hii hufanyiwa ugezi kila baada ya miezi 12 hivi, na ikihamishwa kwa kufunguliwa au ikifanyiwa matengenezo makubwa inatakiwa tena. Maabara ikinunua mashine moja leo, huenda isinunue nyingine kwa miaka kumi. Itahitaji sili, mafuta, fyuzi, sahani kupigwa msasa, na ukaguzi kila mwaka. Itahitaji pia kalibu za kyubu, au moldi kama vijana wa saiti wanavyoziita, na hizo zinaisha, zinaibiwa, zinapinda zikigongwa na nyundo. Nakushauri uanze kuzitengeneza kama bado. Kalibu zilizonyooka, kona za nyuzi 90 kamili, jina lako limetiwa muhuri ubavuni, zitaingia saiti nyingi za Kigali kabla mashine yako ya pili haijaagizwa. Na utakuwa umejilinda, kwa sababu kyubu iliyotoka kwenye kalibu iliyopinda huvunjika vibaya na lawama huangukia mashine.

Mambo ya mpakani nisiyarefushe. Mashine za kupimia nguvu ya vitu ziko chini ya namba ya forodha 9024. Chukua cheti cha uasilia wa bidhaa cha Afrika Mashariki, TCCIA, chemba ya wafanyabiashara ya Tanzania, watakuelekeza. Lakini usidanganyike kwamba cheti hicho kitakukinga na Mchina: vifaa vya mtaji kwa kawaida huingia Jumuiya kwa ushuru wa asilimia 0 hata vikitoka nje, kwa hiyo muulize wakala wa forodha upande wa Kigali mteja atalipa nini hasa, kodi ya ongezeko la thamani ikiwemo, ndipo uandike bei. Kongo imo kwenye Jumuiya tangu 2022. Bado usimwahidi mteja wa Bukavu kwamba mpaka wake utakuwa mwepesi kama wa Rusumo. Kreti iwe ya mbao zilizopitishwa kwenye joto, nyuzi 56 kwa dakika 30, zenye muhuri wa kuonyesha hivyo, na iandikwe pande zote nne ISILAZWE, kwa Kiswahili, Kifaransa na mchoro wa mishale. Unajua sasa kwa nini.

Dubai achana nayo. Banda la siku nne katikati ya makampuni yenye mashine zinazong'aa litakupa kadi za biashara za watu walioko nje ya duara lako. Ukipata oda ya Muscat utafurahi wiki moja, kisha sili itavuja. Hela hiyo ya banda kanunue kihisi cha rejea.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nitawabishia kidogo kwa kazi hii: nenda katembee. Wiki hii zungukia mashine zako nne, Mwanza, Geita na Shinyanga, zipime upya bure, andika zimesogea kwa kiasi gani tangu siku ya kuziuza. Usizirekebishe kabla ya kuandika. Karatasi hiyo, namba za siku ya kwanza na namba za leo zikiwa safu mbili, ndiyo utakayomtumia mtu wa Kigali pamoja na bei. Kama moja imesogea sana, mwambie pia na umweleze ulichokikuta. Wanunuzi wa maabara ni watu wa vipimo. Wakiona safu ya makosa iliyoandikwa kwa uaminifu wanakuamini kuliko kipeperushi chenye rangi.

Mwalike aje Mwanza na kyubu zake mwenyewe. Atengeneze kumi na mbili kutoka mchanganyiko mmoja, sita azipime kwake, sita azilete azipime kwako. Malipo yawe nusu akiagiza, sehemu kubwa iliyobaki akishaiona ikifanya kazi karakanani, na asilimia 10 baada ya kufungwa na kupata cheti kule kwake. Hiyo asilimia 10 usiililie, ndiyo inayomwambia kwamba utakuja.

Wa Bukavu mjibu leo, usimkawize, ila usimpe bei. Muulize mambo matatu: anapima silinda au kyubu, umeme wa saiti yake ni wa gridi au jenereta, na nani atasaini cheti cha ugezi huko. Akijibu silinda, mwambie kweli kwamba fremu ndefu bado unaichora. Kisha nitumie picha ya kiti chako cha mviringo kikiwa kimefunguliwa, na nyingine ya vifusi vya kyubu tatu za mwisho mlizoponda, nikutazamie kabla hujaanza kukata chuma.